Mkanda wa Mzee Murtaza

Nyie vijana mlionialika pale Kinondoni Jumamosi ile, asanteni kwa soda na kwa kile kiti chenye mto. Kazi zenu nimeziona, nimezipenda. Lakini yule binti mwenye miwani, Neema, aliposimama kunikaribisha akatia na kichekesho cha "mzee aliyepeleka mkanda wa cherehani angani", mkaangua kicheko ukumbi mzima, na mie nikacheka na nyie. Nilicheka kwa mdomo tu. Moyoni niliumia, na nilipofika nyumbani Madale sikula.

Simlaumu Neema. Kichekesho kakikuta. Kila mtu wa kazi hii ya vyombo vya kupimia anga hapa mjini anakijua. Mtu akiungaunga waya vibaya anaambiwa, "Hapo umeweka mkanda wa Mzee Murtaza." Nimeisikia kauli hiyo miaka na miaka na sijawahi kufungua mdomo. Leo nafungua. Mkanda ule haukuwa wa Mzee Murtaza. Niliununua mie na nikaufunga mie. Yeye hayupo tena kujitetea, na hata angekuwepo asingejitetea. Mnivumilie tu, maana mie nikianza kusimulia narukaruka.

Mzee Murtaza, kwa msiomjua, alikuwa Mhindi wa hapa hapa. Baba yake alikuwa fundi saa, na yeye alikulia chini ya meza ya baba yake akiokota skrubu, kabla hajaenda kusoma fizikia na kurudi na digrii zake. Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu mie mtoto wa Mwananyamala. Alikuwa mfupi, kalamu tatu mfukoni, na sauti kubwa kuliko kimo chake. Ukikata ovyo foili, ile karatasi nyembamba ya bati, utamsikia kutoka getini: "Mwaju! Hii umekata kwa mkasi au kwa meno?" Unakata upya, huna ujanja.

Nilifika kwake nikitoka chuo cha ufundi, nikijiona nimemaliza. Nilikuwaga natengeneza redio za mtaa mzima, nani angenifundisha kitu? Karakana yake ilikuwa chumba cha uani nyuma ya nyumba yao, hapo hapo Kinondoni, madirisha yamezibwa kwa nguo nyeusi. Siku ya kwanza akanipa kijiti cha plastiki, kirefu kama rula, safi kama kioo, na kipande cha foili. "Kifunge," akasema. Nikafunga. Akakifungua. "Tena." Nikafunga, akafungua. Ikafika adhuhuri machozi yananilengalenga. Ndipo mkewe, Mama Zehra, akaingia na birika la chai, akatutazama wote wawili.

"Baba Zehra, mtoto wa watu unamfundisha kama polisi," akasema. Akaweka birika chini, akakaa pembeni yangu. "Mwanangu, umewahi kukunja sambusa?"

"Nimewahi, Mama."

"Basi kunja kama manda. Pembe kwanza, usibonyeze, itelezeshe."

Nikaitelezesha. Mzee akakigeuza kile kijiti kwenye taa, akakigeuza tena, akakiweka mezani bila kukifungua. Tangu siku hiyo, kwa kufunga vijiti, hajatokea wa kunizidi, na hilo nalisema bila haya.

Sasa niwaambie tulikuwa tunatafuta nini, kwa namna alivyoniambia mwenyewe. Alichukua kamba ya kuruka ya Zehra, binti yake, siku hizo bado mdogo, akafunga ncha moja kwenye nondo ya dirisha, akaitikisa juu na chini. "Hii inatikisika wima," akasema. Akaitikisa kushoto na kulia. "Na hii imelala." Mwanga nao hutikisika hivyo hivyo, na mionzi ya gama ni ndugu wa mwanga, ila mkali zaidi. Mara nyingi mitikisiko huja imechanganyika, kila mmoja na upande wake. Lakini ikitoka mahali penye usumaku mkali uliopangika, huja ikitikisika upande mmoja. Wasomi wana jina lao refu kwa jambo hilo. Sie karakana tuliita mtikisiko, basi.

Kuna nyota ilipasuka zamani sana, na mabaki yake yanatupa mionzi mpaka leo. Mzee Murtaza aliamini mionzi ile inatikisika kwa mpangilio, upande mmoja. Wakubwa wa ng'ambo walimwambia pengine haina mpangilio wowote, na hata kama upo, hautapimwa kwa vijiti vilivyofungwa kwa mkono kwenye chumba cha uani. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa kwenye swali hilo moja: mpangilio upo, au haupo?

Mionzi hiyo haifiki chini. Hewa inaimeza yote, na ni heri yetu. Ukitaka kuipima sharti upande juu ya hewa, na kwa watu wasio na roketi njia ni puto. Huko juu mwale unagonga kijiti kimoja, plastiki ile inamulika ndani ya foili yake, mwale unadunda, unagonga kijiti jirani, nacho kinamulika. Ukijua vijiti gani viwili vimemulika pamoja, umejua mwale umedundia upande gani. Na miale inayotikisika wima hupenda kudundia pembeni. Basi unahesabu midundo ya kila upande na kuichora. Mtikisiko ukiwa na mpangilio unatoka kama wimbi, panda shuka, panda shuka. Usipokuwa nao mstari unalala bapa.

Taabu ni kwamba vijiti havilingani. Hata mie kuna nilichokifunga nikiwa na utulivu na nilichokifunga nikiwa na njaa. Kijiti hafifu kikikaa upande mmoja muda wote, kitakuchorea wimbi la uongo. Kwa hiyo chombo chote kilikaa juu ya meza inayozunguka polepole, kila kijiti kipate zamu kila upande, na kompyuta inarekebisha hesabu kwa kufuata ule mzunguko. Meza ilizungushwa na mota ndogo, na kati ya mota na meza kulikuwa na mkanda wa mpira. Shikeni hapo.

Na kabla ya kurusha tulikiweka chombo mbele ya chanzo cha mionzi kisicho na mpangilio wowote, kituambie "sioni kitu". Mzee alikuwa akisema, chombo kisichojua kusema "sioni", usikiamini kikisema "naona". Nyie na vihisio vyenu vidogo kama punje za mchele, na kompyuta inayowachorea jibu kabla hamjauliza, kipimo hicho mnakiruka. Nimewaona Jumamosi. Acheni tabia hiyo.

Haya. Wageni fulani wa kazi hii walikuja kurusha puto hapa kwetu, kwa sababu ukikaribia Ikweta vurugu za chembe kutoka angani hupungua na vipimo vinakuwa safi. Mzee aliwaandikia barua nyingi mpaka wakachoka, wakatupa nafasi kwenye fremu yao ya vyombo inayoning'inia chini ya puto. Safari moja tu. Wakati huo Mzee alishakuwa na mvi tele, Zehra na nduguze walishahamia ng'ambo na wanamwita kila wiki, na yeye jibu lake lilikuwa moja: "Nikishaiuliza nyota, nitakuja."

Wageni waliahidi kuleta mkanda maalumu usioogopa baridi ya huko juu. Mzigo wao ukachelewa. Mie nikaona tutaumbuka. Mama Zehra, aliyekuwa na cherehani yake barazani, akanielekeza duka la vipuri vya vyerehani kule Temeke, akidhani Mzee ndiye aliyenituma. Nikaenda, nikachagua mkanda mweusi, mzuri, ukakaa kwenye meza yetu kama ulitengenezewa hapo.

Mtu wa Dar anajua nini kuhusu baridi? Baridi kwetu ni kuoga asubuhi mwezi wa Julai. Nilikuwa nimesoma kwamba huko juu kuna baridi kali, kwa hiyo nikafanya nililodhani ni la maana. Nilikuwa na shoga yangu, Bi Tatu, akiuza samaki Temeke, ana friza kubwa la kifuniko. Nikampelekea mota na mkanda wake nimevitia kwenye mfuko wa nailoni.

"Hii haitanilipukia?" akaniuliza.

"Mota tu hiyo, Bi Tatu."

"Mota gani inalala na samaki? Mwajuma wewe, elimu imekuzidi."

Akaifukia chini ya vibua. Siku mbili. Nikaja nikaitoa, nikaiwasha hapo hapo sokoni, ikazunguka bila kukwama, wauza samaki wanashangilia. Nilivyorudi nayo karakana, Mzee akaivuta harufu. "Mwaju, huko kwenye nyota tunakwenda kuvua?" Tukacheka mpaka Mama Zehra akaja kuona kuna nini. Mzee alijua nimejaribu mota. Kuhusu mkanda hakuuliza, kwa sababu alijua tunangoja wa wageni.

Na mkanda wa wageni ulifika, jamani. Ulifika siku moja kabla ya kurusha, umefungwa vizuri kwenye kibahasha. Kuufunga maana yake nifungue meza yote na kuisawazisha upya, kazi ya kutwa, na wangu unazunguka safi. Na niseme kweli, nilikuwa na kiburi. Nilitaka kitu changu, kutoka Temeke, kifike juu ya mawingu. Kibahasha nikakitia kwenye droo.

Asubuhi ya kurusha tulikuwa Chanika, kwenye uwanja ulio kati ya mashamba ya mihogo. Puto limelazwa juu ya maturubai, mitungi ya heliamu imepangwa, watu wametoka kote kuja kutazama. Bibi mmoja akaniuliza harusi ya nani. Mzee ameshika fimbo amefunga kitambaa chembamba nchani, anausoma upepo, kofia yake nyeupe kichwani, hajakaa tangu tufike. Akanijia.

"Mwaju, mkanda wa wageni umeufunga?"

"Kila kitu kiko tayari, Mzee."

Akanipiga bega, akaenda zake. Nyie, mtu akikuuliza jambo moja ukamjibu kwa "kila kitu", umemdanganya. Nilijua wakati ule ule natamka.

Upepo ukatulia. Wakaliachia. Lilipanda taratibu, jeupe, refu, tumbo kubwa juu na mkia mrefu wa plastiki chini, na kile kisanduku chetu kinaning'inia. Watu wakapiga vigelegele kwa kitu wasichokijua. Mzee Murtaza alikuwa akisoma salawati kwa sauti ndogo, machozi yanamtoka, hayafuti. Nikamtazama nikasema Mungu ampe. Katika siku zangu zote za kazi hakuna ninayoitamani kurudi kama ile, na ndiyo hiyo hiyo niliyoiharibu.

Hesabu zilikuja kwa redio puto likiwa bado juu, kompyuta ikazirekebisha. Mama Zehra alishapika biriani ya kusherehekea. Mzee akachora mwenyewe, kwa kalamu, hakuiamini mashine kwa jambo lile. Nukta moja, nukta ya pili, nukta ya tatu. Hakuna wimbi. Akazichora upya. Bapa.

Alikaa akiutazama mstari ule mpaka chai yake ikapoa. Halafu akasema, kwa utulivu kabisa, "Nyota imejibu. Imesema hapana." Akanawa mikono, akala biriani, akaisifu. Siku ile ile akawaandikia wageni kwamba amekosea miaka yote na wao ndio waliokuwa sahihi. Kesho yake akaanza kubandua karatasi zake ukutani.

Kisanduku chenyewe kilishuka kwa parachuti huko bara, kikarudishwa kwa lori baada ya siku kadhaa. Ilikuwa Ijumaa, Mzee kaenda kuswali. Nikakifungua peke yangu. Jambo la kwanza niliona unga mweusi kwenye gurudumu la mota.

Aliyewahi kutengeneza redio kaseti anaujua unga ule. Ni mkanda umeteleza. Mpira ukiganda unakuwa mgumu kama plastiki, haushiki tena. Friza la Bi Tatu lilikuwa joto tupu mbele ya baridi ya huko juu. Mota ilizunguka safari nzima peke yake, meza imesimama, na kihesabu mizunguko chetu kilikuwa kwenye mota. Kwa hiyo kompyuta iliamini meza inazunguka, ikawa inazirekebisha hesabu kwa mzunguko ambao haukuwepo. Wimbi lolote ambalo lingekuwemo lilikorogwa likapotea. Nyota haikusema hapana. Hatukuisikia tu.

Nikaogopa. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto, na niliogopa kama mtoto aliyevunja chungu. Nikachukua pamba na spiriti, nikafuta ule unga. Nikauvua mkanda wangu nikautia kwenye mkoba. Nikafunga wa wageni. Na ili ionekane nimefanya usafi wa kawaida, nikavichomoa vijiti vyote, nikavifuta kimoja kimoja, sita nikavifunga foili mpya, nikavirudisha nilivyoona vinapendeza. Mzee aliporudi akakuta chombo kinang'aa. "Mwaju," akasema, "umemwosha maiti vizuri."

Siku tatu sikulala vizuri. Ya nne nikamkuta anagawa vitu. Akanipa vijiti vya akiba, vile ambavyo havikuruka. "Chukua, wanao watafanyia rula." Nikashindwa.

"Mzee, meza haikuzunguka."

Akanitazama.

"Mkanda uliteleza. Ni wa cherehani, niliununua Temeke. Wa wageni sikuufunga. Mzee, nisamehe, mkanda niliuweka mie."

Nilikuwa nimeinama nangoja kelele. Kelele hazikuja. Nikainua macho, nikaona uso wake unafunguka, kijana kabisa. Akasimama.

"Basi haijasema hapana! Mwaju, haijasema hapana!" Akaanza kutembea, anahesabu kwa vidole. "Meza ikisimama siyo mwisho wa dunia. Hesabu ghafi zote zipo, zile za kabla ya kompyuta kuzirekebisha. Tunachukua chombo kama kilivyotua, tunakiweka mbele ya chanzo kisicho na mpangilio, kinatuonyesha uongo wa vijiti vyake, tunautoa, kinachobaki ni nyota. Wiki moja tu! Lete chombo." Akasita. "Vijiti viko kama vilivyotua, sivyo? Hukuvigusa."

Mpaka leo nikiwa napika, au nasubiri foleni mahali, swali lile linanijia, na kila likinijia natamani jibu langu lingekuwa jingine.

"Nimevichomoa vyote, Mzee. Nimevifunga upya. Sijui kipi kilikuwa wapi."

Akakaa. Kipimo cha kabla ya kurusha tulikifanya meza ikizunguka, hakikuhifadhi uongo wa kijiti kimoja kimoja. Mkanda ungesameheka, wanangu. Mikanda hukatika na kuteleza kila siku. Kufuta ndiko kulikotumaliza. Kitu kikirudi kimeharibika, mikono mgongoni kwanza. Tazama, andika, piga picha, mwite mwenzio atazame. Aibu yako ni sehemu ya kipimo, usiisafishe.

Nilisubiri anigombeze. Mtu aliyenipigia kelele kwa foili, kwa kuacha bisibisi chini, kwa kuimba nikiunga waya, siku hiyo aliniambia tu, "Nenda nyumbani Mwaju, wanao watakuwa wameshatoka shule." Ningepigwa makofi ningeumia kidogo kuliko vile.

Wiki iliyofuata akawaandikia wageni barua ya pili, nikaisoma kabla haijaenda. Ilisema matokeo yafutwe. Ilisema mkanda aliuchagua yeye, chombo kilifunguliwa kwa amri yake kabla ya kukaguliwa, na kihesabu mizunguko alikiweka kwenye mota badala ya kwenye meza.

"Mzee, hii siyo kweli."

"La tatu ni kweli."

"Na mawili ya kwanza?"

Akakunja barua. "Wewe una miaka ya kazi mbele yako, nani atakupa chombo chake ukishaandikwa humu? Mie nakwenda kulea wajukuu. Wajukuu hawasomi barua za fizikia."

Ningebisha. Sikubisha. Na niwaambie lililo baya zaidi: nilipumua. Barua ikaenda, wageni wakaisimulia huko kwao, ikarudi hapa imeshakuwa kichekesho. Mie nikafanya kazi miaka mingi kwenye karakana nyingine, nikaitwa fundi hodari, nikaagwa kwa keki. Kila niliposikia "mkanda wa Mzee Murtaza" nikainamia kazi yangu.

Mzee na Mama Zehra waliondoka, wakawafuata watoto ng'ambo. Karakana ilibomolewa, pamejengwa nyumba ya ghorofa. Nikipita Kinondoni naangalia ule upande mwingine wa barabara. Nyie mnadhani mstaafu anatamani ujana. Mie natamani mtu wa kuniuliza kama nimekata kwa meno. Natamani birika la Mama Zehra, na giza la kile chumba, na kijiti kikimulika mara moja kwenye skrini sote tunashtuka. Mikono yangu inatetemeka siku hizi, hata sambusa sikunji vizuri, lakini nikikaa peke yangu vidole vinakunja foili isiyokuwepo.

Mzee aliwahi kunipigia simu mara moja kwa habari ya kazi, baada ya miaka mingi. Mama Zehra alishafariki. Sikujua ni yeye mpaka alipopaza sauti.

"Mwaju! Inatikisika!"

"Nini, Mzee? Shikamoo."

"Marahaba. Nyota! Wamepima watu wengine kabisa, kwa vyombo vyao, wamepata wimbi. Inatikisika kwa mpangilio, Mwaju, vile vile!"

Alikuwa anacheka kwa sauti. Nikamwambia, "Mzee, tungekuwa sisi." Akasema, "Haya, tungekuwa sisi. Sasa si inatikisika? Wewe ulitaka itikisike kwa jina la nani?" Nikalia. Nilitaka kumwambia nitaandika niseme kweli, angali hai aone. Maneno yakanifika mdomoni. Nikasema nawasalimia wajukuu. Mwaka haukuisha, tukaletewa habari kwamba amezikwa huko huko.

Baada ya Jumamosi yenu niliitafuta namba ya Zehra. Nilimjua anaruka kamba, sasa ni mtu mzima mwenye watoto wakubwa, lakini Kiswahili chake hakijapotea.

"Shikamoo, Anti Mwaju. Kuna usalama?"

Nikamweleza yote, kuanzia Temeke mpaka barua. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaniuliza.

"Kwa hiyo haukuwa wa Baba?"

"Haukuwa wa baba yako, mwanangu."

"Anti, Mama alimcheka Baba mpaka anakufa. Akitunga uzi tu anamwambia, wewe kaa mbali na cherehani yangu. Na Baba anacheka. Ina maana hata yeye hakumwambia?"

"Inaonekana hakumwambia."

Nikasikia anapenga kamasi. Nikamwomba msamaha. Hakusema amenisamehe, na mie sikumuuliza mara ya pili.

"Andika, Anti," akasema. "Wanangu nao wanamcheka babu yao. Walikipata hicho kichekesho kwa Mama. Andika kwa Kiswahili, nitawasomea mwenyewe."

Basi nimeandika, na hapa sisemi na vijana wa Kinondoni peke yao. Wajukuu wa Mzee Murtaza, mama yenu akiwasomea hapa mtulie kidogo. Mimi naitwa Mwajuma, nilikuwa fundi wa babu yenu. Kuhusu nyota alikuwa sahihi. Mkanda niliuweka mie, akanibebea, na nikamwacha anibebee mpaka kaburini.